Mshono Utakaa Wapi? Upasuaji wa Sainasi ya Pilonida, Kuanzia Jipu Hadi Kuinua Mfereji

Kabla hujasaini fomu ya kukubali upasuaji wa sainasi ya pilonida, yaani uwazi wenye nywele chini ya ngozi ya mfereji wa makalio, muulize daktari swali moja: mshono utakaa wapi? Akikujibu kwamba atakata sehemu yote iliyoharibika kisha atashona palepale katikati ya mfereji wa makalio, una haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine. Kati ya njia zote zinazotumika, kukata na kushona katikati ndiko kunakowarudisha wagonjwa wengi kwenye meza ya upasuaji. Bado kunafanyika kwa sababu ni rahisi, hakuchukui muda, na siku ya kwanza kidonda kinapendeza macho.

Ugonjwa wenyewe huanzia pale makalio mawili yanapokutana, juu ya kifandugu, sentimita 4 hadi 8 hivi kutoka njia ya haja kubwa. Ukiipanua ngozi na kumulika taa utaona kitundu kimoja au kadhaa kwenye mstari wa katikati, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 1 au 2. Kwa nje havitishi. Chini yake kuna uwazi wenye nywele, tishu nyekundu inayovuja damu kirahisi, na mara nyingi usaha. Kutoka kwenye uwazi huo njia nyembamba hupenya ndani ya mafuta na kutokea pembeni, kwa kawaida juu zaidi ya vile vitundu. Tundu la pembeni ndilo linalochafua nguo, na ndilo mgonjwa analomwonyesha daktari. Chanzo hata hivyo ni vile vitundu vya katikati. Mpasuaji akisafisha la pembeni peke yake, nywele zitaendelea kuingia.

Zamani iliaminika kwamba mtu huzaliwa na kasoro hii. Imani hiyo iliwagharimu watu wengi, kwa sababu kama mzizi ni wa kuzaliwa nao, basi lazima ukatwe wote hadi kwenye mfupa. Katika vita vya pili vya dunia, kati ya 1941 na 1945, jeshi la Marekani lililaza hospitalini askari karibu 80,000 kwa tatizo hili, na wengi walibaki na vidonda vikubwa vilivyokataa kupona. Mwaka 1944 daktari Louis Buie aliuita ugonjwa wa jeep, kwa jinsi ulivyowaandama waliokaa muda mrefu kwenye magari yanayoruka-ruka. Miaka minne baadaye David Patey na Robert Scarff wa London walieleza kisa cha kinyozi aliyepata sainasi yenye nywele katikati ya vidole vya mkono. Hakuna anayezaliwa na kasoro hiyo mkononi. Nywele zilikuwa za wateja.

Daktari wa jeshi la Ugiriki, George Karydakis, ndiye aliyeipanga vizuri zaidi hoja kwamba nywele huingia kutoka nje. Kwake mambo ni matatu: nywele zilizokatika, nguvu inayozisukuma ziingie, na ngozi dhaifu, yenye unyevu, iliyoko kwenye kina cha mfereji. Ukiondoa kina, umeondoa nguvu na umeondoa unyevu. Kwa msingi huo alibuni upasuaji wake, akauchapisha 1973, na mwaka 1992 akatoa taarifa ya wagonjwa zaidi ya 6,000 ambao ugonjwa uliwarudia takriban mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeongeza jambo moja la manufaa: nywele nyingi zinazotolewa kwenye uwazi ni vipande vifupi visivyo na mzizi, vyenye ncha kali, na baadhi vimetoka kichwani. Kwa hiyo ukitoka kwa kinyozi, oga kichwa, shingo na mgongo kabla ya kuvaa shati safi. Ushauri huu hauna gharama yoyote, na bado wagonjwa wachache sana huupata.

Si kila kidonda cha eneo hili ni sainasi ya pilonida. Tundu lililo karibu kabisa na njia ya haja kubwa linaweza kuwa fistula, yaani njia isiyo ya kawaida inayotoka ndani ya njia ya haja kubwa hadi kwenye ngozi, na hiyo hutibiwa kwa namna nyingine kabisa. Mtu mwenye majipu ya aina hiyo kwapani na kwenye nyonga pia, huenda ana ugonjwa wa tezi za ngozi. Huku kwetu lazima kifua kikuu kifikiriwe, hasa kidonda kikiwa na kingo zilizoliwa kwa chini, maji yanayotiririka bila maumivu makali, au mgonjwa akiwa amekonda na anatoka jasho usiku. Kipande cha tishu kipelekwe maabara kupimwa kwa GeneXpert, kipimo cha kutambua vimelea vya kifua kikuu, na kuangaliwa kwa hadubini. Kupima sukari na VVU kabla ya upasuaji ni busara pia, kwa kuwa hali zote mbili huchelewesha kidonda kufunga.

Wengi hufika kwa mara ya kwanza wakiwa na jipu: uvimbe wenye joto, hawawezi kukaa, homa imeanza. Hapo hakuna mjadala wa njia gani bora. Usaha utolewe siku hiyo hiyo. Antibaiotiki peke yake haifiki ndani ya usaha, na kungoja jipu liive ni kuliacha lizidi kuchimba. Ganzi ya sindano haishiki vizuri katika tishu yenye usaha kwa sababu ya tindikali iliyopo, kwa hiyo daktari huizungusha nje ya uvimbe, kwenye ngozi yenye afya, na kusubiri dakika kadhaa. Kwa lignokeini, dawa ya ganzi, isiyo na adrenalini kipimo cha juu ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Yenye adrenalini, miligramu 7. Jipu likiwa kubwa mno, mgonjwa alazwe kwa dawa ya usingizi badala ya kuteswa.

Penye kukatwa ndipo makosa huanzia. Kisu kipite pembeni, angalau sentimita 1 hadi 2 kutoka mstari wa katikati, kufuata urefu wa mfereji, hata kama jipu linaonekana kutoboka katikati. Kidonda cha katikati hukaa ndani ya unyevu, huvutwa kila mtu anapokaa na kuinama, na hufunga kwa shida. Baada ya kutoa usaha, nywele zinazoonekana zitolewe kwa koleo dogo na uwazi ukwanguliwe taratibu. Shashi iwekwe kwa ulegevu, kiasi cha kuzuia mdomo usifunge. Kuishindilia kunazuia usaha kutoka, na ndiyo sababu ya maumivu yanayomfanya mgonjwa aogope kurudi kubadilisha bendeji. Kisha subira: wiki 4 hadi 6 uvimbe utulie. Zaidi ya nusu ya waliopasuliwa jipu kwa njia hii hupona bila upasuaji mwingine wa haraka, ingawa baadhi yao ugonjwa huwarudia baadaye. Kuwakata wote kwa upana siku ya jipu, tishu ikiwa imevimba na mipaka haionekani, ni kuwapa kidonda kikubwa ambacho wengi wao wasingekihitaji.

Mwenye vitundu visivyouma wala kutoa maji hana haja ya upasuaji wowote. Aondoe nywele, aoge, aendelee na maisha yake.

Kwa ugonjwa mdogo, yaani vitundu vichache, njia fupi ya pembeni, na mtu ambaye hajawahi kupasuliwa hapo, anza na upasuaji mdogo. John Bascom wa Marekani alieleza mwaka 1980 namna ya kung'oa vitundu peke yake: kila kimoja hukatwa kwa kisu chembamba au kikatio cha duara cha milimita 2 hadi 4, na kipande kinachotoka kina ukubwa wa punje ya mchele. Kisha tundu la upana wa sentimita 1 au 2 hufunguliwa pembeni ili uwazi usafishwe kwa shashi na kwanguo hadi usiwe na unywele hata mmoja. Kazi yote hufanyika kwa ganzi ya sindano, mgonjwa akilala kifudifudi na makalio yamevutwa kwa plasta pana. Anarudi nyumbani siku hiyo, na wengi huwa kazini ndani ya siku chache. Moshe Gips na wenzake wa Israeli walifanya vivyo hivyo kwa vikatio vya duara peke yake kwa wagonjwa 1,358. Ugonjwa uliwarudia asilimia 6.5 kufikia mwaka mmoja na asilimia 16.2 kufikia miaka 10. Tarakimu hizo zisomwe pamoja. Anayekutangazia matokeo ya mwaka mmoja pekee amekupa nusu ya habari. Hata hivyo mtu ambaye ugonjwa umemrudia baada ya upasuaji mdogo hajapoteza kitu: ngozi yake bado ipo, na njia kubwa bado zinawezekana.

Fenoli ni chaguo jingine dogo, na imezoeleka sana Uturuki. Nywele hutolewa zote, ngozi ya pembeni hupakwa mafuta mazito ya kinga, njia ya haja kubwa hufunikwa kwa shashi, kisha chembe za fenoli huingizwa kwenye uwazi na kuyeyuka kwa joto la mwili. Huachwa dakika 1 hadi 3, hukamuliwa nje, na huenda ikarudiwa baada ya wiki kadhaa. Inaunguza ngozi ikimwagika, na ni sumu ikifyonzwa kwa wingi, kwa hiyo si ya kujaribiwa na mtu ambaye hajaifundishwa. Leza inayochoma njia kwa ndani na kamera nyembamba inayoonyesha nywele zilizobaki hutoa vidonda vidogo na maumivu kidogo, ila vifaa ni ghali na hupatikana zaidi katika hospitali binafsi za miji mikubwa. Njia hizi zote zina sharti moja: unywele ukisahaulika ndani, kazi yote imeharibika.

Sasa kukata na kuacha wazi. Hii ndiyo njia inayopatikana karibu kila hospitali ya wilaya, na haistahili kudharauliwa, mradi ifanywe kwa kiasi. Kuna tofauti kubwa kati ya kuchimba shimo hadi kwenye utando wa mfupa na kufungua tu paa la njia, kukwangua sakafu, na kuacha. La pili hupona mapema zaidi, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Shimo pana na la kina huchukua miezi 2 au 3, na wengine huzidi hapo. Kuna nyongeza moja rahisi ambayo tungependa kuiona ikitumika zaidi: kingo za ngozi zinashonwa chini, kwenye sakafu ya kidonda, kwa uzi unaoyeyuka. Kidonda hupungua ukubwa papo hapo, kingo haziwezi kukimbiliana, na hakuna kifaa chochote cha ziada kinachohitajika.

Kidonda cha wazi hufeli wodini na nyumbani, mara chache sana mezani. Sababu ya kwanza ni daraja: kingo mbili za juu hukutana na kushikana huku chini kukiwa bado na uwazi, kila mtu akadhani kimepona, na mwezi mmoja baadaye usaha unarudi. Anayebadilisha bendeji apitishe kidole chenye glavu au kijiti cha pamba kila wiki kuhakikisha kidonda kinajaa kutoka chini kwenda juu, na akikuta daraja alivunje. Sababu ya pili ni nywele za pembeni kuinamia ndani. Ziondolewe sentimita 2 au zaidi kuzunguka kidonda. Sababu ya tatu ni nyama nyekundu inayofura kuliko ngozi, ambayo ngozi haiwezi kuipanda. Huchomwa kidogo kwa kijiti cha silva naitreti. Maji safi ya bomba na bafu la kila siku yanatosha kuosha. Spiriti, peroksaidi ya kila siku na unga wa antibaiotiki unaonyunyizwa juu huweza kudhuru seli mpya zinazojaribu kukifunga.

Wenye ugonjwa mpana, wenye njia nyingi, na wale uliowarudia, wanahitaji mfereji wenyewe ubadilishwe umbo. Hapa ndipo swali la mshono linapopata uzito wake.

Katika njia ya Karydakis, mpasuaji huchora duaradufu isiyo linganifu, na ncha zake zote mbili huwekwa angalau sentimita 1 hadi 2 upande mmoja wa mstari wa katikati. Hukata sehemu yenye ugonjwa hadi kwenye utando unaofunika mfupa. Upande wa pili wa kidonda, ngozi na mafuta yake hutenganishwa kwa chini, unene wa kama sentimita 1 na upana wa kama 2, hadi kiraka kiweze kuvutwa kuvuka katikati bila kukazwa. Upande wa chini wa kiraka hushonwa kwenye utando wa mfupa, kisha mafuta hushonwa kwa tabaka, kisha ngozi. Ikikamilika, mfereji umekuwa mfupi kwa kina na mshono wote uko pembeni. Ncha ya chini, ile inayoelekea njia ya haja kubwa, ndiyo inayofeli. Ikirudi katikati hata kwa sentimita moja, hapo ndipo mshono utakapofumuka. Mpasuaji mwenye uzoefu huipinda kuelekea pembeni tangu anapochora.

Kuinua mfereji, ambako Bascom alikubuni baadaye, kunafanana na hiyo, ila kunaacha mafuta mengi zaidi. Kabla ya plasta kuvutwa, makalio hubanwa pamoja na mstari yanapogusana huchorwa kwa kalamu pande zote mbili. Ngozi mbovu ya upande mmoja, pamoja na vitundu, hutolewa. Ya upande wa pili huinuliwa ikiwa nyembamba hadi kwenye mstari uliochorwa. Kuta za uwazi wa zamani hukwanguliwa tu. Plasta huachiliwa, mafuta ya pande mbili hushonwa yakutane kujaza kina, na ngozi hufunikwa juu yake na kushonwa pembeni. Kwa kidonda kilichokataa kupona baada ya kupasuliwa mara mbili tatu, hii ndiyo njia tunayoiamini kuliko nyingine, kwa sababu haihitaji nyama nyingi ya kukata, na mgonjwa wa namna hiyo huwa hana tena nyama ya kupoteza.

Kiraka cha Limberg kinajulikana na madaktari wengi zaidi. Sehemu mbovu hukatwa kwa umbo la msambamba wenye pande nne sawa, pembe mbili za nyuzi 60 na mbili za 120, kisha kipande cha umbo hilohilo kutoka kwenye kalio, chenye mafuta na utando wa msuli, huzungushwa kuziba pengo. Kwa ukubwa wa pengo linalozibika, ni njia imara. Mchoro wa asili una tatizo: ncha ya chini huangukia katikati. Marekebisho ya kuisogeza sentimita 1 hadi 2 pembeni yamekuwa kawaida, na yafaa kuulizwa. Kovu lake ni kubwa na linaonekana, ngozi ya kiraka huwa na ganzi kwa miezi, na kona yake inaweza kufa ikikazwa. Kijana wa miaka 19 aambiwe hayo kabla, siyo aje kuyagundua kwenye kioo.

Kwa upasuaji wowote kati ya hizi tatu, dozi moja ya antibaiotiki hutolewa kabla ya kukata. Ganzi ya mgongoni inafaa kwa wengi, kwani sindano huingia juu zaidi ya ugonjwa. Mrija wa kutoa maji, kama umewekwa, hutolewa maji yakishuka chini ya mililita 20 hadi 30 kwa siku. Nyuzi za ngozi hukaa siku 10 hadi 14. Mgonjwa atembee kuanzia siku ileile, alale ubavu au kifudifudi, na wiki 2 za kwanza akwepe kukalia mshono. Akikaa, apumzishe uzito mapajani. Pikipiki na baiskeli zisubiri wiki 6 hivi. Dereva wa lori au wa bodaboda apange mapumziko hayo na tajiri wake kabla ya upasuaji, maana anayerudi barabarani wiki ya pili hurudi hospitali wiki ya tatu. Sigara iachwe angalau mwezi mmoja kabla. Hubana mishipa midogo inayolisha kiraka. Majimaji mepesi ya njano chini ya mshono bila homa hufyonzwa kwa sindano. Homa, wekundu unaotambaa, au harufu ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo, na nyuzi mbili tatu zikifunguliwa mapema, kiraka huokoka.

Kuhusu nywele baada ya kupona, ushauri wa zamani wa wembe kila wiki haujasimama. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha ugonjwa kurudi kwa takriban 23 kati ya 100 walionyoa kwa wembe au kutumia krimu ya kuondoa nywele, 20 kati ya 100 ambao hawakufanya chochote, na 9 kati ya 100 walioondoa nywele kwa leza. Wembe huacha vipande vifupi vyenye ncha na kuchubua ngozi. Asiyemudu leza atumie mashine ya kunyolea isiyogusa ngozi, kisha aoge kuondoa kila kipande.

Kilichokatwa kipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia, hasa kama kidonda kina miaka mingi, kimeanza kuota kama nyama ngumu, au kinavuja damu bila sababu. Saratani ya ngozi ndani ya sainasi ya muda mrefu ni nadra sana, lakini ipo, na haitambuliki kwa macho mapema. Na mgonjwa afuatiliwe kwa miaka 5, siyo kwa wiki 6, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanaorudiwa na ugonjwa hurudiwa baada ya daktari kuwa ameshafunga faili lao.